Kimo na Uzito wa Wachezaji: Kwa Nini Timu za Mikoa Hazilingani?

Yanapofika mashindano ya michezo ya shule za sekondari, yaani UMISSETA, watazamaji huanza kuzipima timu kwa macho kabla mpira haujawekwa katikati ya uwanja. Timu moja ikiingia na vijana warefu wenye mabega mapana, husikika minong'ono kwamba mkoa huo una watu wenye miili. Ikiingia nyingine yenye vijana wadogo, wapo wanaosema mchezo umekwisha hata kabla ya filimbi. Maneno hayo yangeweza kuachwa yapite kama mzaha wa uwanjani, lakini hayaishii uwanjani. Humfuata mwalimu wa michezo hadi siku ya kuchagua wachezaji ishirini kati ya wanafunzi mia mbili. Mwalimu anayeamini kwamba watu wa upande fulani wameumbwa kwa ajili ya nguvu, na wa upande mwingine kwa ajili ya mbio tu, humwacha kijana wa miaka 14 aliye mfupi leo. Na aghalabu kijana huyo haitwi tena mwaka unaofuata, hata kama amekua sentimita kumi.

Makala hii inakusudia kuchunguza tofauti hizo kisayansi: zinatoka wapi, zina ukubwa gani, na zina kazi gani katika mchezo. Tumechagua kuanzia Karatu na Ngorongoro, kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine katika nchi yetu ambapo miili ya namna mbalimbali imekaa karibu karibu kiasi hicho.

Mtu akitoka mwambao wa Ziwa Eyasi, penye mwinuko wa mita zipatazo 1,000 juu ya usawa wa bahari, akapitia Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, akapanda hadi mji wa Karatu ulioko kwenye mita 1,500 hivi, kisha akapita lango la Lodoare na kufika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, atakuwa amesafiri kwa saa chache tu. Katika safari hiyo atakuwa amewapita Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Wadatoga, ambao ni Wanailoti na wafugaji. Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, watu wa lugha ya Kikushi wanaolima na kufuga. Na Wamaasai wa nyanda za juu. Mjini Karatu ataongeza Wabantu kutoka karibu kila mkoa. Watoto wa watu wote hawa hukaa katika madarasa yale yale.

Wataalamu waliowapima Wahadzabe wazima walipata wastani wa sentimita 162 hivi kwa wanaume na 150 hivi kwa wanawake, na uzito wa kilo 53 kwa mwanamume wa kawaida. Ni watu wadogo, ingawa si wadhaifu: mwanamume huweza kutembea kilomita kumi na zaidi kwa siku akiwinda na kutafuta asali. Wamaasai na Wadatoga, kwa upande mwingine, hujulikana kwa miguu mirefu na miili myembamba. Basi mtu asije akasema kwamba tofauti za miili ni hadithi. Zipo. Swali ni namna ya kuzieleza.

Joto na umbo la mwili

Mwaka 1847 mtaalamu wa Ujerumani, Carl Bergmann, alieleza kwamba wanyama wa jamii moja huelekea kuwa na miili mikubwa zaidi katika nchi za baridi. Mwaka 1877 Joel Allen wa Marekani akaongeza kwamba katika nchi za joto viungo kama miguu na masikio huelekea kuwa virefu. Sababu yake ni hesabu ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifanya. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1: eneo la nyuso zake ni sentimita za mraba 6, na ujazo wake ni sentimita ya ujazo 1. Fanya upande uwe sentimita 2: eneo huwa 24, na ujazo huwa 8. Mchemraba wa kwanza una vipande 6 vya uso kwa kila kipande cha ujazo; wa pili una 3 tu. Kwa kuwa joto hutengenezwa ndani ya ujazo na hutokea kwenye uso, mwili mkubwa hulihifadhi na mwili mdogo hulitoa upesi.

Kuna njia mbili za kuongeza uso kwa kila kilo ya mwili. Ya kwanza ni kurefuka na kuwa mwembamba, kama mshumaa. Ya pili ni kuwa mdogo. Wanailoti wa nyanda kavu wanaonyesha njia ya kwanza, na Wahadzabe, wanaoishi katika joto la bonde la Eyasi, huenda wanaonyesha ya pili. Hapa msomaji anaweza kuona jinsi kanuni moja inavyoweza kuzaa maumbo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Lakini kanuni hiyo hufanya kazi kwa maelfu ya miaka. Haiwezi kutumiwa kueleza kwa nini mabeki wa Mwanza mwaka huu ni wanene kuliko wa Tabora. Kwa jambo hilo hatuna budi kutazama mambo ya karibu zaidi.

Mbegu na shamba

Urefu wa mtu hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Katika jamii zilizoshiba, wataalamu hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya tofauti za kimo kati ya mtu na mtu zinatokana na urithi. Hata hivyo hakuna jeni moja ya urefu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia habari za watu milioni 5.4, uliona mahali zaidi ya 12,000 katika chembe za urithi panapohusika na kimo, kila pahali pakiongeza au kupunguza kidogo sana.

Wengi wakisikia asilimia 80 husema: basi tofauti za mikoa nazo ni za urithi. Hapo ndipo penye kosa, na inafaa tulieleze kwa mahindi. Mkulima wa Rhotia ana gunia moja la mbegu za kienyeji. Nusu anaipanda kwenye udongo mwekundu wenye rutuba wa miteremko ya Ngorongoro. Nusu nyingine anaipanda kwenye kipande cha ardhi kilichochoka, chenye mvua haba. Ndani ya shamba la kwanza udongo ni mmoja na mvua ni moja, hivyo mmea mrefu umezidi mmea mfupi kwa sababu ya mbegu. Ndani ya shamba la pili ni vivyo hivyo. Lakini akilinganisha wastani wa shamba moja na wastani wa jingine, tofauti yote ni ya udongo na mvua, kwa maana mbegu zilitoka katika gunia moja. Urithi unaweza kueleza tofauti zilizo ndani ya kila shamba na usieleze chochote kuhusu tofauti iliyoko kati ya mashamba hayo.

Kwa binadamu mambo yamechanganyika, ila mifano ipo. Katikati ya karne ya 19 vijana wa Uholanzi walioandikishwa jeshini walikuwa na wastani wa sentimita 165 hivi. Leo Waholanzi wanaume wana wastani wa 183 hivi, na wanahesabiwa miongoni mwa watu warefu kabisa duniani. Urithi wa taifa haubadiliki kiasi hicho katika vizazi sita au saba. Kilichobadilika zaidi ni maziwa, maji safi na magonjwa ya utotoni. Mfano wa pili ni wa kusikitisha, tena unatoka karibu na kwetu. Wadinka wa Sudani Kusini, Wanailoti kama walivyo Wamaasai, walipimwa katikati ya karne ya 20 wakaonekana kuwa na wastani wa zaidi ya sentimita 181. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1995, vya Wadinka waliokuwa wakimbizi nchini Ethiopia, vilionyesha wastani wa 176 hivi. Hakuna aliyewabadilishia babu zao. Vita na njaa viliondoa sentimita tano.

Je, hapa Tanzania? Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani wana kimo kidogo kuliko kinachotarajiwa kwa umri wao. Mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 34. Jambo la kushangaza ni mahali wanapopatikana. Mkoa wa Iringa ulikuwa na zaidi ya nusu ya watoto waliodumaa, na mikoa ya Njombe na Rukwa karibu nusu. Hii ndiyo mikoa tunayoisifu kuwa ghala la taifa! Mahindi yapo, lakini tumbo likijazwa ugali na uji mtupu, bila maharage ya kutosha, maziwa, mayai, dagaa na mboga, na mtoto akihara mara kwa mara, mifupa haipati cha kujengea. Gunia la chakula na chakula bora ni vitu viwili.

Katika Ngorongoro jambo hilo lina sura yake. Eneo la hifadhi lilipoanzishwa mwaka 1959, wafugaji walitegemea sana maziwa. Tangu hapo idadi ya watu imeongezeka mara nyingi, lakini idadi ya ng'ombe haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Maziwa kwa kila mtoto yamepungua na uji wa mahindi umechukua nafasi yake. Kwa hiyo anayemtazama kijana wa Kimaasai akategemea kuona urefu fulani kwa sababu ya jina la kabila lake, anasahau kuuliza kijana huyo alikunywa nini alipokuwa na miaka miwili.

Umri, jambo linalosahauliwa

Katika timu za shule kuna sababu nyingine ambayo, kwa maoni yetu, inapita zote kwa kudanganya macho. Wavulana wengi hukua kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka 14 hivi, na wasichana wakiwa na miaka 12 hivi. Mvulana anaweza kuongeza sentimita tisa au kumi katika mwaka mmoja. Lakini wapo wanaoanza wakiwa na miaka 12 na wapo wanaoanza wakiwa na miaka 16. Waliopata lishe haba au magonjwa mengi mara nyingi huchelewa. Wavulana wawili wa miaka 14 wanaweza kuachana kwa sentimita 15, na wakifika miaka 20 wakatazamana macho kwa macho. Aliyechelewa kubalehe huendelea kukua wakati mwenzake ameshafunga, maana gegedu zilizoko kwenye ncha za mifupa mirefu, ambazo ndizo mahali pa kukulia, bado hazijageuka kuwa mfupa.

Mwaka 1985 wachunguzi wa Kanada, wakiongozwa na Roger Barnsley, walitazama tarehe za kuzaliwa za wachezaji wa mpira wa magongo wa barafuni. Waliona kwamba waliozaliwa Januari, Februari na Machi walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa mwishoni mwa mwaka. Siri yake ilikuwa kwamba watoto waligawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Januari alikuwa na karibu miezi 12 ya kukua kumzidi aliyezaliwa Desemba. Alionekana hodari, akachaguliwa, akapewa mazoezi zaidi, na mwishowe akawa hodari kweli. Ikiwa miezi 11 yaweza kufanya hivyo Kanada, fikiria timu moja iliyojaa vijana wa kidato cha sita ikikutana na timu ya vijana wa kidato cha pili. Mtazamaji ataona mikoa miwili, kumbe anatazama miaka minne.

Hesabu ya ncha

Timu haiwakilishi watu wa kawaida wa mkoa. Huchaguliwa kutoka kwenye ncha. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, wavulana wa mkoa A wana wastani wa sentimita 168 na wa mkoa B wana 171, na katika mikoa yote miwili vimo vimetawanyika kwa kipimo kile kile cha sentimita 6.5 kuuzunguka wastani. Tofauti ya sentimita tatu haionekani njiani. Lakini tukitafuta vijana wanaopita sentimita 185 kwa ajili ya mpira wa kikapu, katika kila elfu tutapata wanne hivi mkoani A na kumi na sita hivi mkoani B. Tofauti ndogo ya wastani imekuwa mara nne kwenye ncha.

Hata wastani ukiwa sawa, wingi wa watu una kazi yake. Mkoa ukichagua kutoka vijana 100 wenye wastani wa sentimita 170, mrefu wao kabisa atatarajiwa kuwa na 186 hivi. Ukichagua kutoka vijana 10,000 wa wastani ule ule, atakuwa na 195 hivi. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam, na milioni 2.3 hivi katika mkoa wa Arusha, ambamo Karatu na Ngorongoro zimo. Mtanzania mrefu anayejulikana sana katika michezo, Hasheem Thabeet, mwenye sentimita 221, hakutoka katika boma la wafugaji. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Mtu mmoja hathibitishi wastani wa mkoa, lakini anatosha kutuonya.

Ukubwa una faida gani?

Tumchukue Juma, mwenye kilo 45 na sentimita 155, na Baraka, mwenye kilo 75 na sentimita 185. Wote wakikimbia mita 6 kwa sekunde, zao la tungamo na mwendo, ambalo wanafizikia huliita momenta, ni 270 kwa Juma na 450 kwa Baraka. Ili Juma amlingane Baraka katika kugongana kifua kwa kifua, lazima akimbie mita 10 kwa sekunde, mwendo ambao ni wanariadha wa mita 100 tu wanaoufikia. Kwa hiyo katika kugombea mpira wa kona ukubwa ni mali. Asiyekubali hilo anajidanganya.

Sasa wageuke ghafla. Kani inayotakiwa kuugeuza mwili huongezeka sawasawa na tungamo: Baraka anahitaji mara 1.67 ya kani anayohitaji Juma. Lakini nguvu ya msuli hutegemea unene wake, yaani eneo la mkato wake, si ujazo wake. Kama miili yao ina umbo moja, nguvu ya Baraka itakuwa mara 1.4 hivi tu ya nguvu ya Juma. Ana deni. Ndiyo maana washambuliaji wafupi kama Diego Maradona, aliyekuwa na sentimita 165, waliweza kuwaacha mabeki wakubwa wakigeuka kama malori.

Na kwenye jua la mchana, je? Eneo la ngozi laweza kukadiriwa kwa kuzidisha kimo kwa uzito, kugawanya kwa 3,600, na kutafuta kipeuo cha pili. Juma anapata mita za mraba 1.39, Baraka 1.96. Kwa kila kilo ya mwili, Juma ana sentimita za mraba 309 za kutolea jasho. Baraka ana 262. Katika dakika ya themanini tofauti hiyo huanza kusema. Juma Ikangaa, mtu mfupi kutoka Dodoma, alishinda mbio ndefu za New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Wakazi wa Karatu hawahitaji kukumbushwa habari za Filbert Bayi, mwana wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Wengi hueleza ushindi wa wakimbiaji wa nyanda hizi kwa mwinuko, na hoja hiyo ina uzito: kwenye ukingo wa kreta kanieneo ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani, na mwili huongeza chembe nyekundu za damu ili kuinasa oksijeni iliyopo. Mji wa Mexico, ambako John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti katika marathoni ya mwaka 1968 na bado akaimaliza, una mwinuko wa mita 2,240, karibu sawa na ukingo wa Ngorongoro. Lakini Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha katika mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alitoka kando ya Ziwa Victoria. Mwinuko husaidia, mazoezi, na desturi ya kuwaona wakubwa wakikimbia, husaidia pia.

Kazi ya darasani

Walimu wa bayolojia na hisabati wanaweza kushirikiana katika kazi ifuatayo. Wapimwe wanafunzi wote wa kidato kimoja, si wanamichezo peke yao. Mwanafunzi asimame bila viatu, visigino vikigusa ukuta, akitazama mbele. Kitabu kigumu kiwekwe juu ya kichwa kikifanya pembe mraba na ukuta. Wote wapimwe wakati mmoja wa siku, kwa sababu uti wa mgongo hushuka, na mtu aweza kupungua sentimita moja au zaidi kati ya asubuhi na jioni. Apimwe tena akiwa ameketi juu ya benchi, kisha kimo cha kukaa kigawanywe kwa kimo kamili. Namba hiyo itaonyesha ni nani ana miguu mirefu na ni nani ana kiwiliwili kirefu. Uzito uandikwe na mwalimu kwa faragha. Hausomwi mbele ya darasa.

Katika daftari ziwepo safu za mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mahali mwanafunzi alipokulia hadi umri wa miaka mitano, na chakula alichokula jana. Safu ya kabila isiwekwe. Mambo ambayo watu hudhani yamo ndani yake yatapatikana kwa usahihi zaidi katika safu nyingine. Wanafunzi wachore grafu ya kimo dhidi ya umri, wakitia alama nyekundu kwa kila aliye katika timu ya shule, na kuhesabu ni wangapi kati ya hao waliozaliwa katika nusu ya kwanza ya mwaka.

Daftari lifungiwe kabatini. Baada ya miezi 12 wapimwe upya, na majina yapangwe kwa kufuata sentimita zilizoongezeka, kuanzia aliyekua zaidi. Kisha orodha hiyo iwekwe kando ya orodha ya wale walioachwa mwaka uliopita kwa sababu walikuwa wadogo.